Amplifaya Isiyovuma

Pale karakana tulimwita Msumeno, na si kwa sababu ya chuma. Chuma alikikata kama sisi wote. Jina lilitokana na gitaa lake. Siku ya kwanza alipolileta kazini na kulichomeka kwenye redio mbovu ya bosi wakati wa mapumziko, mwenye duka la jirani alikuja mbio kuuliza ni nani anakata mabati saa ya kula. Basi jina likaganda.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mikono imekomaa kama soli ya kiatu. Yeye alichomelea mageti na nondo za madirisha, mimi nilipaka rangi. Kwa miaka tisa kila alichomaliza kilinifikia kikiwa bado na joto. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, tumekaa juu ya ndoo za rangi, na wala hakujipendelea.

Kikundi chao kilikuwa cha watu watatu. Mdogo wake wa kiume, karani wa duka la dawa, aliimba na kupiga gitaa la besi. Ngoma zilipigwa na mwoka mikate mmoja waliyemwita Bubu. Hakuwa bubu kweli, ila aliona maneno ni kupoteza pumzi. Walipiga metali, muziki mzito wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokimbia mpaka kifua cha msikilizaji kinatikisika. Mazoezi walifanyia katika stoo iliyo nyuma ya karakana, Jumamosi mchana, bosi akishakwenda zake.

Mwaka huo msimamizi wa ukumbi mmoja mkubwa aliwapa nafasi ya kupiga, wiki sita mbele. Walikuwa hawajawahi kupiga mbele ya watu zaidi ya thelathini. Mdogo mtu aliruka kama mtoto. Msumeno alifurahi siku moja tu, kisha akaanza kukosa usingizi, kwa kuwa amplifaya yake ilikuwa kidude cha kuchezea chumbani. Ukikiongeza sauti, kinalia kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo.

"Mkwaruzo kila mtu anao siku hizi," aliniambia akiwa amevua kinyago chake cha kuchomelea. "Unabonyeza kitufe, gitaa linakwaruza. Mimi nataka mkwaruzo wenye mfupa. Nikiuziba uzi mnene kwa kiganja na kuupiga, sauti igonge mara moja na ikome. Kama mlango wa chuma umefungwa usoni kwako."

Kwa sauti hiyo, alisema, hakuna njia ya mkato, lazima amplifaya ya vali. Vali ni vichupa vya kioo vyenye nyuzi za chuma ndani, vile vilivyokuwa kwenye redio za zamani. Vikipata moto huwaka rangi ya machungwa. Ukivisukuma kupita uwezo wao havikatai, vinanguruma, na ngurumo hiyo ndiyo wapiga metali wanayoitafuta. Lakini ndani ya sanduku lenye vali kuna umeme mkali kuliko ule wa ukutani, na baadhi ya sehemu zake hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

Hilo alilijua kutoka kwa Fundi Redio, mzee mmoja mwenye chumba kimoja mtaa wa tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akitengeneza vyombo vya vali tangu ujana wake. Mzee yule alikuwa na desturi yake. Akifungua amplifaya, mkono wa kushoto anautia mfukoni na hautoi mpaka amalize.

"Mkono mmoja ukigusa pabaya, unaungua," alimwambia Msumeno. "Miwili ikigusa, umeme unapitia kifuani. Mimi kifua changu bado nakihitaji."

Fundi Redio alikuwa na amplifaya mbili za kumjaribisha. Ya kwanza ilikuwa ya wati mia, kichwa kizito cha kubebwa na watu wawili, kikikaa juu ya kasha lenye spika nne. Msumeno alichomeka gitaa, akashusha nyuzi zake kama kawaida ya wapiga metali, akapiga. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Ilikuwa sauti ya kumfanya mtu anyooshe mgongo, lakini tatizo alilisikia upesi. Amplifaya ile haikuamka mpaka ipigwe kwa sauti ya kubomoa nyumba. Ukiipunguza, ilisinzia. Ukiiongeza, besi yake ilitanuka na kuchelewa, na nyuzi za haraka zikamezana.

Ya pili ilikuwa ya wati ishirini, ndogo, yenye spika moja. Hiyo mkwaruzo wake uliwaka mapema na ulikuwa mtamu sana kwenye nyuzi nyembamba. Kwenye uzi mnene uliolegezwa, ikawa matope.

"Hapana," alisema Msumeno.

"Si amplifaya inayokuangusha, ni spika," alisema mzee. "Nitakufungia kasha la spika mbili kubwa, lililozibwa nyuma. Halafu punguza mkwaruzo."

"Nipunguze tena?"

"Nusu. Wewe unaongeza mpaka mwisho kwa sababu uko chumbani peke yako. Mkwaruzo ukizidi, ngumi inageuka povu. Ukumbini, pamoja na besi na ngoma, watu hawasikii povu." Akamtazama. "Hivi unachagua kwa masikio au kwa hasira?"

Msumeno alicheka, akaaga, akasema atafikiria. Lakini njiani alikuwa tayari anafikiria amplifaya nyingine kabisa.

Aliyemfundisha gitaa alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa mwalimu wa muziki, mtu wa hasira za karibu na mkono mwepesi. Mwalimu huyo alikuwa na amplifaya ya wati hamsini ambayo aliifungua na kuibadilisha mara nyingi mpaka ikawa haifanani na nyingine yoyote. Msumeno alikuwa ameisikia mara nne au tano tu maishani mwake, na kila mara alitoka pale akiwa na wivu. Mwalimu alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla. Alikutwa asubuhi kwenye sakafu ya chumba chake cha mazoezi. Daktari alisema ni moyo.

Msumeno alikwenda kwa mjane siku ya Jumapili. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, viti vimepangwa kama vya kusubiria daktari. Baada ya salamu na kuulizana hali, akasema kilichomleta. Mjane hakuonyesha kushangaa.

"Nilijua kuna siku atakuja mtu kuiulizia," alisema. "Iko kule kule. Sijaigusa."

Alimwongoza hadi mwisho wa ukumbi mwembamba, akamfungulia mlango, lakini yeye hakuingia. Alisimama kizingitini amekunja mikono. Amplifaya ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka jeupe hadi chini. Sakafu ilikuwa ya saruji, na upande mmoja ilikuwa na ubaridi wa unyevu uliotoka kwenye ukuta wa bafu.

"Mwalimu alisema ilikuwa inavuma," alisema Msumeno huku akiondoa shuka.

"Ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki. Hata akiwa hapigi, inavuma tu, nyumba nzima. Akaitengeneza mwenyewe. Ikanyamaza kabisa. Wiki ya mwisho ile ilikuwa kimya. Ichukue, mwanangu. Sitaki chochote. Nataka chumba."

Msumeno aliinama nyuma ya sanduku na kuvuta waya. Plagi ilikuwa ya pini mbili, ya kuingia kwa upande wowote. Waya wenyewe ulikuwa wa nyuzi tatu. Ule wa tatu, waya wa ethi, unaopeleka umeme uliopotea ardhini usije ukapita kwa mtu, ulikuwa umekatwa karibu na plagi, ukazungushiwa utepe mweusi kwa unadhifu.

Aliuona. Hilo aliniambia kwanza kabla ya mengine yote: "Niliuona siku ile ile, dakika ya kwanza. Mimi ambaye sichomelei hata msumari bila kubana ethi."

Kisha akaichomeka na kusubiri vali zipate moto.

Ninachoweza kusema kuhusu sauti ile ni kwamba niliisikia wiki iliyofuata nikiwa nje, nyuma ya ukuta wa stoo, na brashi ilinisimama mkononi. Haikuwa na kelele ndani yake. Msumeno alipoacha kupiga, palikuwa na kimya kitupu, kana kwamba kitu kimezimwa. Alipopiga uzi mnene, ilikuja ngumi moja kavu, ikaondoka. Besi ilikuwa imebana, mkwaruzo umekolea, na kila uzi unausikia peke yake. Nilijikuta natazama nyuma yangu mchana kweupe.

Vidole vilimuwasha siku hiyo hiyo ya kwanza. Akitelezesha kiganja juu ya nyuzi za gitaa, alihisi kitu kama ulimi wa paka. Fundi wa kuchomelea huwashwa na umeme mdogo mdogo kila siku na hawezi kusimamisha kazi kwa hilo. Alijifuta jasho kwenye suruali, akaendelea.

Katikati ya wiki alipita kwa Fundi Redio kumwambia asimtengenezee kasha la spika, amepata amplifaya. Alipotaja ni ya nani, mzee aliweka chini alichokuwa ameshika.

"Ile ilikuwa inavuma. Nilimwambia aniletee mara mbili."

"Aliitengeneza. Haivumi tena."

"Aliitengeneza nani?"

"Mwenyewe."

"Iko wapi sasa?"

"Bado iko kwa mama mjane," alisema Msumeno. Ilikuwa stoo, nyuma ya karakana, na usiku wa jana yake alikuwa ameshinda saa mbili akiipiga.

"Basi usiichomeke. Sikiliza, fundi mwenzangu. Kuna njia kumi za kunyamazisha mvumo, na tisa kati yake ni kazi ngumu. Ile ya kumi ni rahisi. Niletee niifungue. Siku mbili tu."

"Nitakuletea, mzee."

Hakumpelekea. Alikuwa na wiki nne, kila siku bila amplifaya ile aliiona kama imeibwa, na moyoni alikuwa na hofu ya kitoto kwamba mzee akiigusa ndani sauti itaharibika. Vyombo vya vali viko hivyo, watu husema. Ukisogeza waya mmoja, sauti inahama.

Mazoezi yakapamba moto. Mdogo wake alisema hajawahi kusikia dada yake akipiga hivyo, wimbo ukienda kama gari moshi. Tatizo likaanza kwenye maikrofoni. Wimbo mmoja walikuwa wanaitikia pamoja, dada na kaka kwenye maikrofoni moja, na siku hiyo mabega yao yaligusana. Kaka aliruka nyuma na kushika mdomo.

"Imening'ata!"

"Nini?"

"Maiki! Imening'ata midomo, dada, nakuapia."

"Uko peku. Vaa viatu," alisema Msumeno.

Alivaa viatu. Msumeno alitafuta kipande cha sponji akakivisha maikrofoni, wakacheka, mdogo mtu akasema sasa anaimbia godoro. Bubu hakucheka. Aliweka vijiti vyake juu ya ngoma, akatazama amplifaya, akasema maneno matatu ambayo kwake yalikuwa hotuba: "Mimi siipendi hiyo."

Siku kumi kabla ya onyesho, Msumeno alibaki stoo peke yake. Katika mfuko wa koti lake la kazi daima alikuwa na bisibisi ya kupimia umeme, ile ambayo ukiigusisha kwenye waya wenye moto, kitaa kidogo kinawaka ndani ya mpini. Aliigusisha kwenye bati la amplifaya. Kitaa kikawaka. Akaigusisha kwenye nyuzi za gitaa lililokuwa limechomekwa. Kikawaka tena, chekundu, kimetulia.

Aliniambia kwamba alisimama pale akikitazama na kwamba jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa hatari. Alikuwa akihesabu siku. Akimwachia mzee siku mbili, mzee akigundua kitu, zitakuwa tano, pengine saba, na watapanda jukwaani na kile kidude cha nzi.

Akachomoa plagi, akaigeuza upande wa pili, akaichomeka tena. Akapima. Kitaa hakikuwaka. Alitelezesha kiganja juu ya nyuzi na vidole havikuwasha. Akachukua chaki ya kuchorea chuma, akaweka alama upande wa juu wa plagi, kuonyesha inavyotakiwa kuingia. Akarudisha bisibisi mfukoni na kuzima taa. Hakumwambia mtu.

Siku ya onyesho mimi nilikwenda mapema kuwasaidia kubeba vyombo. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimerundikwa pembeni, saa kumi alasiri, jua linaingia kwa madirisha ya juu na vumbi linaelea. Mhudumu mmoja alikuwa amemaliza kupiga deki jukwaa. Mbao zilikuwa bado nyeusi kwa maji.

Msumeno aliichomeka amplifaya mwenyewe, alama ya chaki juu, kwenye waya mrefu wa ukumbi uliokuwa na soketi sita. Alivyofunga nyaya zake aliyeutengeneza waya ule, nani ajuaye. Ndani ulikuwa umekosewa, upande wa moto ukawa upande wa pili. Alama ya chaki ikawa haina maana. Bisibisi ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa karakana, kwa kuwa siku hiyo alivaa nguo nzuri.

Alipiga nyimbo mbili na Bubu, amevaa viatu vyake vya soli nene, mbali na maikrofoni. Akakunja uso. Mpigaji akisimama mbele ya amplifaya yake hajui watu wa nyuma wanasikia nini, na hilo lilimsumbua. Akamwita mdogo wake, aliyekuwa anakunja waya.

"Nishikie gitaa. Piga uzi mnene tu, nikasikilize kule nyuma."

Alimvika mkanda begani. Akashuka jukwaani akapita kati ya viti mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama mimi. Kaka alipiga. Ile sauti ilikuja mpaka kwetu nzima, kavu, haina povu, na Msumeno akafumba macho. Aliniambia baadaye kwamba sekunde hiyo alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Akainua dole gumba.

Mdogo wake hakuona vizuri kwa sababu ya jua. Akasogea kwenye maikrofoni, mkono wa kushoto ungali umebana nyuzi, akainamisha mdomo.

"Dada, unasi—"

Spika zilitoa mlio kama chuma kimepasuka. Yeye alinyooka. Kichwa kilikwenda nyuma kidogo lakini mdomo haukuachana na maikrofoni, na mkono haukuachia gitaa, akawa anatetemeka taratibu kama mtu mwenye homa. Mimi nilidhani ni mzaha, maana kijana alipenda mzaha. Hata dada yake alisema, "Acha ujinga wako." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Bubu hakudhani hivyo. Aliruka juu ya ngoma zake, zikaporomoka, akapiga teke waya wa soketi sita mpaka ukachomoka ukutani, na wakati huo huo alikuwa anapiga kelele, sauti nene ambayo sisi wote hatukuwahi kuisikia: "Umeme! Umeme!"

Kijana alianguka kifudifudi, gitaa likiwa chini yake. Hakuwa anapumua. Bubu alimgeuza, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono yake ya kukandia unga, bila kukoma, akihesabu kwa sauti. Nilipofika, Msumeno alikuwa amepiga magoti kwenye mbao zenye maji, ameshika mguu wa ndugu yake. Msimamizi wa ukumbi alileta gari. Kijana alivuta pumzi tukiwa tunamwinua kumtia ndani, pumzi mbaya yenye mkwaruzo, nasi tukaishukuru.

Alilazwa wiki mbili. Midomo ilipona ikabaki na kovu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua hadi kwenye mishipa, pale vilipokuwa vimebana nyuzi. Kimoja kilirudi kufanya kazi. Kingine kilikunjika, kikabaki hivyo.

Amplifaya niliipeleka mimi kwa Fundi Redio, nimeibeba kama mzigo wa nyoka. Aliifungua mkono mmoja mfukoni. Haikumchukua nusu saa. Ndani kulikuwa na kapasita moja kuukuu, kidude chenye ukubwa wa kidole, iliyounga waya wa umeme na bati la amplifaya. Ilikuwa imepasuka, umeme unapita humo wazi wazi.

"Kama ethi ingekuwepo, fyuzi ingekatika na habari ingeishia hapo," alisema. "Lakini ethi ndiyo iliyokuwa inaleta mvumo. Akaikata." Akaweka bisibisi mezani. "Mwalimu alikuwa akipenda kupiga peku, unajua?"

Sikujua. Nilimwambia Msumeno maneno hayo hayo, akaelewa kabla sijamaliza.

Angeweza kunyamaza. Mjane alikuwa ameshazoea kwamba ni moyo. Lakini Msumeno alikwenda, safari hii bila kuketi, akasema yote: waya uliokatwa, kapasita, mdogo wake hospitalini. Mjane alisikiliza akiwa ameshika mgongo wa kiti.

"Vidole vyake vilikuwa na mistari," alisema hatimaye. "Nilipokuwa namwosha niliiona. Nikasema ni nyuzi, ni mpiga gitaa." Akavuta pumzi. "Ule mvumo. Mimi nilikuwa silali. Miaka mitatu silali. Nilimwambia, ama mvumo huo ama mimi."

"Mama, hukujua."

"Sikujua. Wewe ulijua?"

Msumeno alikuwa hajamwambia mtu yeyote kuhusu kitaa. Alijikuta anaitikia kwa kichwa.

Mjane alimtazama. Hakukuwa na chuki kwenye uso wake, na hilo lilimtisha Msumeno zaidi. "Basi tuko wawili," alisema, akaenda kufunga dirisha.

Baada ya hapo hakuweza tena kukaa na siri ile. Mdogo wake aliporuhusiwa, alimfuata nyumbani kwake asubuhi, akamkuta anajizoesha kufungua kifuniko cha chupa ya vidonge kwa mkono ule. Akamweleza. Kitaa, plagi, chaki, siku kumi.

"Ulikiona kinawaka," alisema kaka.

"Nilikiona."

"Na kabla ya hapo uliniambia nivae viatu."

"Ndiyo."

Aliweka chupa chini pole pole. Akasimama, akafungua mlango wa nje, akaushikilia.

"Nenda, dada."

Hakumtukana. Alimwita dada kama siku zote, na kwa miezi saba hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yao. Alimpelekea ujumbe, haukujibiwa. Mama yao aliwaita wote wawili, akaja mmoja. Karakana, Msumeno alifanya kazi kama kawaida, ila aliacha kuimba chini ya kinyago, na kila asubuhi kabla ya lolote alizunguka mashine zote, zangu zikiwemo, akishika waya mmoja mmoja. Hakuna aliyemtania.

Gitaa alilirudia baada ya miezi mitano, Bubu ndiye aliyelileta na kuliweka juu ya meza yake ya kazi bila kusema kitu. Amplifaya aliyoichukua ilikuwa ile ndogo ya wati ishirini, na kasha la spika mbili ambalo mzee alikuwa amekwisha kulifunga. Mkwaruzo aliuweka nusu. Mzee alikuwa sahihi. Katikati ya besi na ngoma, sauti ile ilisimama, kila pigo likasikika. Haikuwa ile ya mwalimu. Hakuna siku itakuwa, na Msumeno anajua, na nimemwona akisikiliza kimya baada ya pigo la mwisho kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza mwenyewe.

Msimamizi wa ukumbi aliwapa tena nafasi. Safari hii waya wa soketi ulikuwa mpya na Msumeno aliupima mara tatu mbele ya kila mtu. Besi ilipigwa na binamu wa Bubu, msichana mhudumu wa hoteli mwenye mkono mzuri lakini mwoga. Walikuja watu kama mia mbili. Mimi nilikuwa mlangoni. Wimbo wa tatu ulipoanza niliona kijana ameingia, akasimama nyuma kabisa karibu na nguzo, mkono wa kushoto mfukoni. Alisikiliza nyimbo nne. Hakupiga makofi. Kabla taa hazijawashwa alikuwa ameondoka, na mimi sikumwambia Msumeno, niliona si kazi yangu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunapakia geti kwenye gari, simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama. Akainama kama aliyechomwa ubavuni, nikadhani kuna msiba. Akanipa nisome. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake, mstari mmoja, hauna hata salamu:

"Besi haisikiki kabisa. Mwambie huyo dada aache kuogopa."